Siku Majani ya Mama Yaliporudishwa

Kwa miezi mitano ya kwanza niliyoishi upande wa Kiptere, huko Kericho, ng'ambo ya mpaka, sikuruhusiwa kumenya hata kiazi kimoja. Nilikuwa nimetoka Shinyanga kuja kufundisha Kiswahili katika chuo kidogo, nikiwa na umri wa miaka arobaini na minane, masanduku mawili, kibali cha kazi kilichokunjwa ndani ya Biblia, na sweta moja ambayo kwetu ningeiita nzito. Nilipanga vyumba viwili katika boma la mama mmoja mjane, mkulima wa chai, ambaye jiko lake lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pangu. Namwita Mama, ingawa hanizidi kwa miaka mingi kiasi hicho, na yeye ananiita Mwalimu.

Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Alicheka hadi akashika mlango.

"Woi, mara ya mwisho kusikia hiyo nilikuwa darasa la tatu," alisema, kisha akaitikia marahaba kwa sauti ya mtoto anayejibu swali la mtihani, akanivuta ndani.

Mle ndani kulikuwa na kiti kimoja chenye kitambaa cheupe cha kufumwa mgongoni. Kilikuwa cha wageni, na kwa kuwa mgeni katika boma lile nilikuwa mimi peke yangu, kikawa changu. Nikiinuka kuchukua ndoo, nilisikia, "Keti, Mwalimu." Nikinyoosha mkono kuelekea kisu, "Keti." Nilitiliwa chai ya maziwa iliyochemshwa hadi kuwa na rangi ya udongo wa barabara yetu, na kikombe kilipofikia nusu kilijazwa tena. Asubuhi moja nilithubutu kuomba ya rangi, kwa maana tumbo langu lilikuwa halijazoea maziwa mengi kiasi kile.

"Turungi?" aliuliza, akinitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Aliipika, akaiweka mbele yangu, kisha akaenda kufunga mlango wa jikoni ili jirani yeyote anayekatiza uani asione kile alichompa mgeni wake.

Nilimpenda kwa mambo kama hayo. Niliupenda pia ule mji wake wa kijani usio na nyumba, yaani mashamba yenyewe, yaliyokatwa sawasawa kwa juu hadi mtu hutamani kupitisha kiganja juu ya kilima kizima. Nilizoea mvua. Kwetu mvua huombewa. Huku, ifikapo saa tisa alasiri, watu wamekwisha kuanua nguo bila hata kutazama juu. Nilinunua gambuti, viatu virefu vya mpira, na sweta ya pili mjini Kericho, nikajifunza kusalimu kwa "chamge" njiani na kushukuru kwa "kongoi" mezani. Hata hivyo kuna uchovu wa pekee anaoupata mtu mzima anayehudumiwa kila siku. Nilianza kuosha vyombo kwa siri Mama akiwa kanisani. Alirudi, akavikuta vinang'aa, akaviosha upya.

Nilikuwa katika mwezi wa sita alipoamua kugombea nafasi katika kamati ya kituo cha majani. Kituo chenyewe ni banda la mabati kando ya barabara, lenye mizani ya kuning'inia na meza ndefu. Kila alasiri wakulima hupeleka pale majani waliyochuma, karani huyakagua na kuyapima, kisha lori huja kuyachukua kwenda kiwandani. Mjumbe wa kamati ndiye anayewasemea wakulima lori linapochelewa au karani anapokuwa mkali kupita kiasi. Kwa miaka mingi nafasi hiyo ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu, mwenye kofia nzuri na maneno mazuri zaidi ya kofia.

Mama hakuwa na maneno. Alikuwa na jambo moja tu: tangu alipochuma jani lake la kwanza akiwa mke mpya katika boma lile, majani yake hayakuwahi kurudishwa. Ya watu wengine hurudishwa mara kwa mara, kwa kuwa marefu, au kwa kuchanganyika na vijiti, au kwa kulowa. Yake, kamwe. Karani mpya alipoletwa, ni majani yake yaliyomwagwa mezani ili watu waone mfano.

"Mimi sina mdomo," aliniambia. "Niko na majani tu. Wakinichagua, ni hiyo wamechagua."

Uchaguzi ulipangwa kufanyika Jumamosi ya wiki ya pili. Siku chache kabla yake, mkwe wake, yaani mke wa mwanawe, ambaye huchuma pamoja naye, aliitwa Silibwet kumuuguza mama yake. Ulikuwa msimu ambao chai huchipua kwa fujo, na vibarua wote wa karibu walikuwa wamekwisha kuchukuliwa. Majani yakikaa kwenye mti kupita siku zake hukomaa, na yaliyokomaa hayapiti mezani. Mimi nilikuwa likizoni. Nilimwambia kwamba nitachuma.

"Wewe? Hapana. Watu watasema nini?"

"Watasema una mtu wa kukusaidia."

"Watasema nimepea mgeni kikapu."

Sikuelewa uzito wa sentensi ile. Nilidhani ni adabu tu. Nikamwambia kwamba mimi ni mtoto wa mkulima, kwamba mikono yangu imelima kabla haijashika chaki, na kwamba asiponipa kikapu nitakwenda kuazima kwa jirani. Hilo la jirani ndilo lililomshinda. Alinifunga aproni ya nailoni kiunoni, akanipachika kikapu mgongoni, akanipeleka kwenye mistari ya chini, ile isiyoonekana kutoka barabarani.

Alinifundisha vizuri. Majani mawili na kichipukizi, basi. Unavunja kwa kidole gumba, hukati kwa ukucha. Unalaza fimbo ndefu juu ya michai, na kilicho chini ya fimbo si chako leo. Usijaze kiganja mpaka kifumbike. Kwa siku mbili nilichuma mkono wangu ukienda polepole kama wa mtu anayetafuta miwani yake, naye akipita mstari wa pili akiniambia, bila kuinua uso, "Mwalimu, hilo ulilowacha hapo lilikukosea nini?" Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nivuke mpaka.

Siku ya tatu alitakiwa kwenda Kericho kupimwa macho. Aliondoka saa nne akiwa amevaa nguo zake za kanisani, akaniachia majani aliyochuma tangu alfajiri, yakiwa yametandazwa kivulini, na magunia matatu mepesi yenye matundu. Nimalizie mistari miwili, nipakie, nipeleke kituoni. Angekuja pale moja kwa moja kutoka barabara kuu.

Nilimaliza mapema kuliko nilivyotarajia, na mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Magunia matatu yalimaanisha safari tatu kupanda kilima. Nikayatazama, na ndipo mwili wangu ulipokumbuka jambo ambalo akili ilikuwa imelisahau.

Kwetu tulilima pamba. Gunia la pamba lilitundikwa kwenye miti miwili, mdomo wazi, na mtoto akashushwa ndani ili aikanyage ishuke, iongezwe nyingine, akanyage tena, hadi atoke juu pamoja na pamba. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa mwembamba na nilikuwa na visigino vigumu, na baba alijisifu mbele ya watu kwamba gunia lililokanyagwa na binti yake lilikuwa kama jiwe. Hakuna sifa niliyowahi kupewa chuoni iliyonifikia ndani kama hiyo.

Kwa hiyo nilivua gambuti. Niliosha miguu yangu kwa sabuni, nikaifuta, nikaingia ndani ya gunia la chai la Mama, nikakanyaga. Majani ya magunia matatu yakaingia katika moja na nusu. Yalilia taratibu chini ya unyayo, sauti tofauti kabisa na ya pamba, nami sikuisikiliza. Nilifunika kwa nailoni ili mvua isilowanishe, nikafunga kamba vizuri, nikamwita jirani mwenye punda, tukapanda kilima mara moja tu.

Lori lilikuwa limekwama matopeni mahali fulani, na karani hakuanza kazi mpaka aliposikia limenasuliwa. Nilikaa kwenye foleni tangu saa saba hadi karibu saa kumi na moja. Kulikuwa na baridi, na mvua ikipiga mabati. Niliegemea gunia. Lilikuwa na joto. Nakumbuka jinsi nilivyosogea karibu zaidi, nikaweka mgongo wote, nikawaza kwa upole kwamba hata majani ya huku yana ukarimu.

Karani alipofungua kamba, mvuke ulitoka. Alichota mkono mmoja, akautandaza mezani. Majani yalikuwa mekundu kama yaliyokwisha kupikwa, na yalinukia hivyo. Wakati huohuo Mama alikuwa anashuka kutoka barabarani akiwa ameshikilia mwavuli na bahasha ya hospitali.

"Mama, hii imeungua," karani alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. "Ilishindiliwa. Siwezi pitisha."

Mama aliingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. Aliutoa, akautazama. Akanitazama mimi, kisha miguu yangu, ambayo kwa wakati ule ilikuwa ndani ya gambuti lakini naamini aliiona.

"Ni yangu," alisema. "Funga."

Mzee wa kofia alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele. "Leo ng'ombe za mama zitakunywa chai bila maziwa," alisema, maana majani yaliyorudishwa huishia zizini, na watu wachache wakacheka, wengine wakaangalia pembeni.

Nilifungua mdomo. Mama alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, kwa nguvu sana. "Twende, Mwalimu. Giza itatupata."

Tulipofika alinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa, akawasha moto, akanipikia chai, akanitilia, akakaa kwenye kigoda akiyakabili makaa. Angenikaripia ningeweza kuvumilia. Nilimweleza yote, pamba na sabuni na joto la mgongoni. Nikamwambia kwamba kesho asubuhi nitakwenda kituoni kumweleza kila mtu kwamba kosa ni langu.

"Utasema nini?" aliuliza. "Utasema uko shamba yangu unafanya nini? Mgeni akuje kwa boma yangu kutoka nchi ingine, nimpee kikapu, mimi niende Kericho?" Akatikisa kichwa. "Majani kurudi ni aibu. Hiyo ingine ni kubwa. Nyamaza tu. Kunywa chai."

Hapo ndipo nilipoelewa kile nilichokuwa nimemlazimisha kufanya tangu mwanzo. Kulikuwa na njia moja tu ya kulinusuru jina lake, na njia hiyo ingemwonyesha kuwa ni mama aliyemtumikisha mgeni. Nililala nikiligeuza jambo hilo, na kesho yake pia, na sikupata upande wake mzuri.

Jumamosi watu walijaa bandani na nje ya banda. Mchungaji wa kanisa la jirani aliombwa aongoze kikao. Mzee wa kofia alizungumza kwanza, akaeleza habari za barabara na lori kwa ufasaha, kisha mwishoni akasema polepole, akitabasamu, "Kuna wengine wanatuambia majani yao haijawahi rudi. Labda mimi nimezeeka, lakini juzi niliona kitu."

Watu wakaguna. Mchungaji alimtazama Mama. Mama alisimama, akavuta kitambaa chake kichwani. "Ilirudi," alisema. "Ni ukweli." Akaketi. Huo ndio uliokuwa mwisho wa hotuba yake.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na nguzo. Nilinyoosha mkono.

"Wewe si mkulima," mtu mmoja alisema.

"Wacha mwalimu aongee," akadakia mwanamke aliyekuwa ameketi chini. "Angalau tusikie Kiswahili ya radio."

Mchungaji akakubali. Nimesimama mbele ya madarasa kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini sauti yangu ilitoka kama ya mwanafunzi. Niliwaambia kwamba majani yale niliyapakia mimi. Niliwaeleza kuhusu pamba, na gunia lililotundikwa, na baba yangu. Nikasema kwamba nilikanyaga.

"Ulikanyaga namna gani?" aliuliza bibi mmoja wa mbele, akiweka mkono sikioni.

"Kwa miguu, bibi. Niliingia ndani ya gunia."

"Na gambuti?"

"Nilivua. Nikaosha miguu kwa sabuni."

"Basi alikuwa na heshima," alisema mzee mmoja, na banda zima likapasuka. Karani alilala juu ya meza yake. Mwanamke aliyetaka kusikia Kiswahili alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya leso, akirudia, "Na sabuni! Na sabuni!"

Mzee wa kofia alisubiri kicheko kipungue. Alikuwa hodari, alijua mahali pa kugusa. "Sawa," alisema. "Kwa hivyo mama, mgeni wako ndiye kibarua wako? Mgeni ametoka mbali, wewe unamchumisha chai?"

Kicheko kikafa. Niliona wanawake wakitazamana. Nilitaka kusema kwamba nilimlazimisha, kwamba nilitishia kuazima kikapu kwa jirani, lakini nilijua kwamba kila neno ambalo ningeliongeza lingekuwa la mgeni anayemtetea mwenyeji wake, na lingezidisha shutuma ile ile.

Mama alisimama tena. Safari hii hakuvuta kitambaa.

"Nani amekwambia huyu ni mgeni?" aliuliza. "Mgeni najua. Mgeni unamwambia keti, anaketi. Unampea chai, anashukuru. Huyu nampea chai anataka turungi." Watu wakaguna kwa mshangao, na mimi nikainamisha uso. "Namwambia asioshe vyombo, anangoja niende kanisa, anaosha. Tena vibaya. Nimemwambia keti miezi tano sasa. Hebu muangalieni. Kuna mtu hapa amewahi kumuona ameketi?"

Watu wote wakageuka. Waliokuwa na mahali pa kukaa walikuwa wamekaa, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, mkono ukiwa bado umeinuliwa nusu kama wa mtu aliyesahau kuushusha. Walinicheka upya, na mara hii mchungaji naye alicheka.

"Mimi sikumtuma," Mama alimalizia. "Huyo hatumwi. Lakini majani ilikuwa yangu, na nilisema ni yangu. Sasa pigeni kura, ng'ombe zangu ziko na njaa."

Kura kituoni pale hupigwa kwa kupanga foleni nyuma ya unayemtaka. Mama alisimama kwenye kona ya banda, mzee wa kofia akasimama karibu na mizani, na watu wakainuka wakipanguza nguo zao. Miguu yangu ilinipeleka kabla sijaamua. Nilijikuta katikati ya foleni ya Mama, mbele yangu mwanamume mrefu mwenye koti la mvua, nyuma yangu yule mwanamke wa leso.

Karani alikuja mbio na daftari. "Mwalimu, hapana. Wewe huna namba ya mkulima. Utaniharibia hesabu."

Nilianza kutoka. Kutoka mbele, bila kugeuka, Mama alipaza sauti.

"Mwache asimame. Usimhesabu tu."

Karani akatazama foleni, akamtazama mchungaji, ambaye aliinua mabega. Nikabaki.

Foleni yetu ilikuwa imetoka nje ya banda, ikapita lango, ikafuata ua wa michai hadi barabarani. Ile nyingine iliishia penye mizani. Mzee wa kofia aligeuka, akaitazama kwa muda, kisha akavua kofia yake, akavuka banda, akampa Mama mkono kabla hesabu haijaanza. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akamwambia jambo fulani kwa Kipsigis lililomfanya acheke bila kupenda. Wengi wetu tulidhani imekwisha. Karani akakataa, alisema utaratibu ni utaratibu na lazima idadi iandikwe.

Basi alianza kuhesabu, akigusa kila mtu begani, na hapo ndipo mvua ilipofika. Hakuna aliyetoka kwenye mstari, kwa sababu kutoka kungemaanisha kuanza upya. Wanawake walijifunika leso. Nilimsikia akija, nambari baada ya nambari, sauti yake ikishindana na mabati. Alimgusa mwanamume mwenye koti la mvua. Alipofika kwangu mkono wake ulisita hewani, ukapanda, ukapita juu ya kichwa changu, ukashuka begani pa mwanamke aliyekuwa nyuma, na nambari ikaendelea kana kwamba tangu zamani alikuwa amezoea kuiruka nafasi niliyosimama.

"Songa mbele kidogo, Mwalimu," mwanamke wa leso alisema, akinisukuma mgongoni kwa kiganja chenye maji. "Tunanyeshewa huku."